Subiri Noti Ife Kwanza

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza gitaa hapa Nairobi wamelelewa na sauti mbili: kwaya ya kanisani, na gitaa la benga au rumba kutoka redio ya jirani. Nami nimelelewa hivyo hivyo, na wikendi bado napiga ridhimu katika bendi ya nyimbo za zamani huko Eastlands. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba moyo wangu uko kwenye roki ya kigothi ya Waingereza, ile iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wananitazama kwanza, kisha wanaomba niwasikilizishe. Nawawekea wimbo. Haipiti dakika moja kabla swali halijaja: "Mwalimu, gitaa linaanza lini?"

Linakuwa limeshaanza kitambo. Nawaandikia ninyi mnaouliza swali hilo, kwa sababu niliuliza hivyo hivyo na sikuwa na wa kunijibu.

Sikio lako halina kasoro. Limefundishwa kazi nyingine, basi. Benga ilichota mengi kwenye nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na wapiga gitaa walipoihamishia mikononi mwao walibaki na ule udokoaji wake: noti fupi, kavu, kila moja inampisha mwenzake bila kuchelewa. Mwimbaji akinyamaza, solo hushika kasi na ukumbi mzima husimama kucheza. Mtu aliyekulia humo husikiliza kwa kufuata vidole. Kwenye gothi vidole vinaweza kufanya kazi ndogo mno, noti mbili kwa mistari minne ya wimbo, na bado muziki ukawa umejaa. Kinachoujaza ni mkia wa sauti, yaani kile kinachobaki hewani kidole kikishaondoka kwenye uzi.

Mimi jambo hili lilinifikia ngazini. Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya tano huko Umoja, jengo la mawe lisilo na lifti, ngazi zikizunguka shimo moja kutoka chini hadi juu. Jioni moja ya Julai stima ilipotea. Chumbani kulikuwa na giza na baridi, nikatoka na gitaa langu lisilo la umeme nikaketi kwenye ngazi. Nikapiga uzi wa tatu peke yake, nikauacha. Sauti ilishuka ghorofa zote, ikagonga lango la chuma kule chini, ikarudi imepungua na imebadilika. Ule ukali wa kucha haukuwapo tena. Nikapiga nyingine kabla ile haijaisha, zikakutana katikati. Nilipopiga mbio nilivyozoea, kila kitu kilirundikana kikawa kelele. Nilipopunguza, ikawa kama ngazi zenyewe zinaitikia. Mama wa ghorofa ya tatu akafungua mlango, nikajua nitaambiwa ninyamaze. Akasema tu, "Endelea mwanangu, lakini polepole hivyo hivyo." Sijapata kupewa maelekezo bora kuliko hayo.

Zoezi lako la kwanza, basi, halihitaji kununua chochote. Tafuta ngazi za namna hiyo, au bafu lenye vigae, au darasa tupu Jumamosi. Piga noti moja na usipige ya pili mpaka ya kwanza ife kabisa. Fanya hivyo dakika kumi. Mkono utataka kukimbia, uzuie. Baada ya siku chache utaanza kusikia kwamba noti haifi mara moja: makali yake hutangulia kuondoka, kisha mwili wake, na mwisho hubaki kitu chembamba ambacho huna hakika kama bado unakisikia au unakikumbuka.

Ukishafika hapo, ndipo usikilize rekodi. Tumia hedifoni zinazofunika masikio, maana spika ya simu huumeza mkia wote. Matatu nayo haifai kwa somo hili hata ikiwa na mitambo mizuri namna gani. Besi yake hufunika kila kilicho nyuma.

Anza na "Bela Lugosi's Dead" ya Bauhaus, vijana wa Northampton, Uingereza, walioirekodi Januari 1979. Ina zaidi ya dakika tisa, na mwimbaji hafungui kinywa mpaka karibu dakika ya tatu. Ngoma hutangulia, mdundo mkavu unaorushwa na mwangwi. Besi inashuka kwa noti chache, inarudia, inarudia. Halafu Daniel Ash anaingia na gitaa ambalo kwa muda mrefu halitoi melodia yoyote. Linakwaruza. Unasikia uzi ukisuguliwa na mwangwi ukiubeba mkwaruzo ule mbali. Hapo ndipo wanafunzi wangu huniambia hakuna gitaa. Nawaambia wafumbe macho, kisha waseme wako katika chumba cha ukubwa gani. Kila mmoja hujibu bila kusita: kikubwa, kitupu, dari iko juu sana. Nani amewaambia? Ni gitaa hilo hilo walilosema halipo. Kazi yake katika wimbo ule ni kujenga mahali, ili mwimbaji atakapofika awe na pa kuingia. Ukilielewa hilo, umeelewa karibu kila kitu ninachofundisha.

Baada ya hapo sikiliza "A Forest" ya The Cure, ya mwaka 1980. Kordi zake ni nne, Am, C, F na Dm, na mwanafunzi wa wiki ya pili anazijua zote. Hili nalisisitiza kwa sababu wanaoanza hudhani siri imo katika kordi ngumu. Robert Smith anazipiga kordi zile nyepesi kwa sauti iliyopitishwa kwenye flanja, pedali (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa) inayoifanya sauti izunguke kama maji yanayoingia bombani, na ghafla Am unayoijua inakuwa na baridi ya asubuhi ya Limuru. Mwishoni vyombo vinaondoka, inabaki besi peke yake. Rudia kipande hicho mara tatu. Gitaa limenyamaza, lakini utahisi bado umesimama ndani ya mahali lilipopajenga.

Ninayempenda kuliko wote ni John McGeoch, Mskoti aliyefariki mwaka 2004. Alipiga na Siouxsie and the Banshees, na albamu yao ya Juju ya mwaka 1981 ndiyo ninayompa kila mwanafunzi aliyetoka kwenye benga, kwa sababu humo atakuta kitu anachokifahamu. Katika "Spellbound" McGeoch anadokoa gitaa la nyuzi 12 mbio mbio, na sikio letu linafurahi. Sasa chunguza kwa nini halisikiki kavu. Nyuzi 12 ni jozi sita, na hakuna jozi ambayo nyuzi zake mbili zinakubaliana kabisa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoleta mng'ao. Mfikirie mtu aliyeimba katika kwaya: waimbaji ishirini wa sauti ya pili hawaigusi noti sawasawa wala wakati mmoja, na ndiyo maana kwaya ina unene ambao mtu mmoja hawezi kuwa nao. Pedali iitwayo korasi imechukua jina lake huko huko. Inanakili sauti yako, inaichelewesha kidogo sana, inaiyumbisha, kisha inairudisha iambatane na ya asili. Kampuni ya Boss ilitoa ya kwanza, CE-1, mwaka 1976, na miaka michache baadaye gitaa la Uingereza lilikuwa limejaa unyevu huo.

Bendi ya Cocteau Twins ni ya kuja baadaye, usiikimbilie. Robin Guthrie hupanga tabaka juu ya tabaka za mwangwi na korasi hadi mpaka kati ya noti moja na nyingine unafutika, na Elizabeth Fraser huimba maneno ambayo mara nyingi hata Waingereza wenyewe hawayashiki. Wale wanaoniambia hawaujui muziki huu kwa sababu Kiingereza chao ni kidogo, nawapa albamu yao ya Heaven or Las Vegas ya mwaka 1990 waende nayo nyumbani.

Kuna mwenzangu kwenye bendi, mzee mpiga besi ambaye amepiga benga tangu mimi sijazaliwa. Nilimsikilizisha bendi ya Joy Division nikitarajia atatikisa kichwa. Akanyanyua kidole. "Huyu wa besi anaimba," akasema. Alikuwa sahihi. Peter Hook, mpiga besi wao, alianza kupiga noti za juu kwenye besi kwa sababu amplifaya yake ilikuwa mbaya na noti za chini hazikusikika. Akabaki hukohuko juu, melodia ikawa yake, na gitaa la Bernard Sumner likapata uhuru wa kuwa upepo tu. Mzee aliliona hilo mara moja kwa sababu katika benga nayo besi haijifichi, huongea sana. Kama una rafiki mpiga besi wa benga, mwite mpige pamoja. Mtu wa roki ambaye amezoea kufuata mzizi wa kordi, yaani noti yake ya msingi, atakusaidia kidogo tu. Huyu atakupa melodia ya kuegemea, nawe utaweza kuacha nafasi.

Tuje kwenye vifaa, maana najua mtaniuliza. Ukiwa na pesa ya pedali moja, nunua ya mwangwi. Ielewe kwa hesabu rahisi: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa milisekunde 500 ni kama umesimama mita 85 kutoka kwenye ukuta na umepiga kelele. Unaposogeza kitufe cha muda unausogeza ukuta. Wimbo ukienda midundo 120 kwa dakika, mdundo mmoja ni milisekunde 500, na ukiiweka pedali 375 mwangwi utaangukia kati ya midundo, noti zako chache zitasikika kama nyingi bila kupoteza mwendo. Gawa 60,000 kwa idadi ya midundo na utapata milisekunde za mdundo mmoja katika wimbo wowote. Mimi huandika namba hizo kwenye karatasi na kuigundisha chini ya pedali.

Kosa lililonigharimu zaidi ni la riverbu, yaani ule mkia wa sauti ya chumba, ambao kifaa kinaweza kuuongeza kwenye gitaa. Tulikuwa na onyesho dogo mjini, ukumbi wenye kuta za saruji tupu, nami nikaja na riverbu nyingi kama niliyoizoea chumbani. Nilipofika wimbo wa pili mpiga ngoma alinigeukia akitaka kujua tuko wapi katika wimbo. Hakusikia mwanzo wa noti yoyote. Ukumbi ulikuwa tayari na riverbu yake, nami nikaongeza yangu juu, sauti za chini za gitaa zikachanganyika na besi na ngoma kubwa, yakawa matope. Siku hizi kabla ya kufungua begi napiga makofi mara moja katikati ya ukumbi na kusikiliza. Mkia ukiwa mrefu, napunguza riverbu nusu au naiacha kabisa. Na daima nakata sauti za chini kwenye riverbu, nabakiza za katikati na za juu. Ule uzito unaousikia kwenye rekodi za kigothi kwa kawaida ni wa besi na ngoma. Gitaa lenyewe mara nyingi ni jembamba kuliko unavyodhani.

Na angalieni umeme. Muziki huu umejaa ukimya, kwa hiyo mvumo wowote hujitokeza wazi. Stima yetu ni ya hezi 50, na gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja hunasa mvumo huo, hasa ukikaa karibu na taa za mirija au friji. Geuka polepole ukiwa umeshika gitaa mpaka mvumo upungue, kisha kaa upande huo. Adapta nazo nilizijua kwa hasara: duka moja la mjini liliniuzia ya volti 9 ambayo ncha yake ya katikati ilikuwa chanya, ilhali pedali nyingi hutaka hasi, na pedali niliyoiwekea akiba miezi minne haikuwaka tena. Soma mchoro mdogo uliochapishwa karibu na tundu la umeme, ulinganishe na ule wa kwenye adapta, kabla hujalipa.

Ukiwa tayari kujipima, weka simu mwisho wa chumba, mbali nawe, urekodi kordi zile nne za "A Forest" kwa mwendo wa chini kabisa unaoweza kuuvumilia. Usisikilize usiku huo. Sikiliza asubuhi, kwa hedifoni, ukiwa hujaongea na mtu. Usitafute makosa ya vidole. Tafuta mahali ulipoikata noti kabla haijamaliza safari yake. Utapakuta, sote tunapo. Jioni urudie, na kordi ya mwisho uiache ipotee yenyewe kabla hujainuka kwenda kuizima simu.