Goti limepona, vidonge haachi

SWALI: Shikamoo dokta, mdogo wangu wa miaka 17 aliumia goti kwenye mpira akaandikiwa tramadoli, vidonge vya maumivu, za siku 5, goti limepona ila jana nimekuta paketi mbili tupu chini ya godoro, anasema bila vidonge hivyo hapati usingizi. Imekuaje?

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Tramadoli iko kundi moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, na ubongo wa miaka 17 bado unakua kwa hiyo unazoea haraka, sasa ongeza msongo wa mawazo, washkaji wanaotumia, au kwenye ukoo kuna mtu aliyezama kwenye ulevi, hatari inapanda, halafu vile vidonge tunavyobakiza kabatini, jamani, visa vingi vinaanzia hapo! Usimfokee wala usimwachishe ghafla, mpeleke hospitali wiki hii hii maana dozi kubwa inaleta degedege, na akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua usingizini.