Ramani Ikikataa Kukaa Mahali Pake, Soma Namba Kwanza

Ujumbe mwingi ninaotumiwa kuhusu QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, huanza hivi: "Kaka, programu imegoma." Chini yake kuna picha ya skrini, na kwenye picha hiyo hakuna kitu isipokuwa weupe. Aliyeandika ameshafuta programu, ameipakua tena, amewasha upya kompyuta, na bando limekwisha.

Programu haijagoma. Imechora kile ilichopewa, ila imekichora Hispania, au Bahari ya Aktiki, au mita 300 kutoka pale kiwanja kilipo. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, bofya leya (tabaka la data kwenye orodha) kwa kitufe cha kulia, chagua kuvuta ramani hadi ilipo leya hiyo, kisha fungua sifa zake usome mipaka: namba za kushoto, chini, kulia na juu. Namba hizo zinasema karibu kila kitu, ukishazizoea.

Chukua Dar es Salaam. Kwa digrii, katikati ya jiji ni latitudo -6.8 na longitudo 39.28 hivi. Kwa mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika zoni, zoni 37 kusini, ni kama 531,000 kwenda mashariki na 9,248,000 kwenda kaskazini. Kwa projeksheni (njia ya kuilaza dunia iwe bapa) ya ramani za mtandaoni, ile yenye namba ya utambulisho EPSG:3857, ni milioni nne na ushee kwa laki saba na ushee zenye alama ya kutoa. Mahali ni palepale, namba ni za aina tatu. Ukiona tarakimu sita zikifuatana na saba, huna digrii hapo, hata kama leya imeandikwa EPSG:4326, ambao ni mfumo wa digrii. Digrii za longitudo zinaishia 180. Huwezi kuwa na digrii 531,000.

Kosa la kwanza kwa wingi ni kugeuza safu. Mtu analeta faili la CSV kutoka kwenye simu, anaweka latitudo kwenye X na longitudo kwenye Y, na visima vyote vya Dar es Salaam vinahamia Extremadura, magharibi mwa Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Vya Mwanza vitakwenda mashariki mwa Moroko. X ni longitudo, Y ni latitudo, basi. Alama ya kutoa ikidondoka njiani, na hudondoka sana pale mtu anapoandika "6.8 S" kisha mwingine akafuta S, utajikuta Ethiopia. Na nukta iliyokaa peke yake kwenye Ghuba ya Guinea, sifuri kwa sifuri, maana yake mkusanyaji hakusubiri GPS ishike setilaiti, au aliruka swali hilo kwenye fomu na mtu akajaza sifuri. Usiivute kwa mkono kuirudisha nchi kavu. Mpigie aliyekwenda uwandani.

Kosa la pili ni zoni. Watu wengi wa Tanzania wamekariri "37 kusini" kwa sababu Dar, Arusha, Morogoro na Tanga ziko huko. Lakini zoni inabadilika kwenye longitudo 36, na mstari huo unaukata mkoa wa Dodoma. Dodoma mjini iko kwenye 35.7, yaani zoni 36. Mpwapwa iko kwenye 36.5, yaani zoni 37. Ofisi moja ya mkoa, wapima wawili, mifumo miwili. Ukilibandika faili la Mpwapwa jina la zoni 36, linaruka zaidi ya kilomita 660 kwenda magharibi na kutua kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika. Mtu mvivu ataona nukta bado ziko Tanzania na atashukuru. Mwanza ni 36, Kigoma ni 35. Jirani zetu Wakenya wana kazi zaidi, kwa sababu ikweta inawapitia katikati: Eldoret ni 36 kaskazini, Kisumu 36 kusini, Nairobi 37 kusini, Marsabit 37 kaskazini. Ukichanganya kaskazini na kusini kosa lake linaonekana mara moja, kwa kuwa upande wa kusini huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Faili la Dar likisomwa kama la 37 kaskazini linaishia kwenye barafu ya Aktiki.

Makosa hayo yote ni makubwa, kwa hiyo yanajitangaza. Linaloumiza ni lile dogo, la mita 300.

Ramani za zamani za Tanzania na Kenya, zile za skeli ya 1:50,000, pamoja na michoro mingi ya upimaji na vipeo vya mipaka ya viwanja, ziko kwenye datumu ya Arc 1960. Datumu ni msingi wa vipimo: umbo la dunia lililochaguliwa na jinsi lilivyowekwa. Simu na GPS za leo zinatoa WGS 84. Zote mbili zinaweza kutumia UTM zoni 37 kusini, zote zinatoa namba zinazofanana sura, ila kipeo kilekile kina namba tofauti. Ukichukua namba za Arc 1960 na kuziita WGS 84, kiwanja kinasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini, na chini ya mita 100 kuelekea magharibi. Kwenye ramani ya mkoa mzima huoni chochote. Kwenye ramani ya mtaa, nyumba ya mtu imekaa juu ya kiwanja cha jirani asiyemjua. Nimeona mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili uliokuwa umefika mbali, na pengo lenyewe kwenye ramani lilikuwa mita mia tatu na kidogo. Ukiona pengo la namna hiyo, lenye ukubwa mmoja na mwelekeo mmoja kwa kila kipeo, usitafute mchawi: uliza datumu.

Namba za kukariri ni hizi: EPSG:21037 ni Arc 1960 zoni 37 kusini, EPSG:32737 ni WGS 84 zoni hiyohiyo. Kwa zoni 36, badilisha tarakimu ya mwisho: 21036 na 32736. Programu ikikuletea orodha ya njia za kubadili datumu, usibofye OK kwa mazoea. Soma eneo ambalo kila njia imekusudiwa, chagua inayotaja nchi yako. Tofauti kati ya njia moja na nyingine inaweza kufika mita kadhaa. Kagua pia GPS ya mkononi, kwa sababu ina mpangilio wa datumu ndani yake, na aliyeitumia kabla yako huenda aliubadilisha.

Sasa, ukishajua tatizo, kuna vitufe viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. "Set Layer CRS" (CRS ni mfumo wa majira, yaani wa namba za mahali) haigusi namba hata moja. Inabadilisha lebo tu: "namba hizi zisome kama Arc 1960." "Reproject Layer" inapiga hesabu na kutengeneza faili jipya lenye namba mpya. Lebo ikiwa mbaya, tumia cha kwanza. Lebo ikiwa sahihi lakini unataka mfumo mwingine, tumia cha pili. Ukitumia cha kwanza mahali pa cha pili, umebandika lebo ya chumvi kwenye kopo la sukari. Leya itaruka, utabadili lebo tena, na baada ya muda hakuna atakayejua faili lilianza vipi. Ndiyo maana nakala ya faili la asili huwekwa pembeni kabla ya jaribio lolote.

Eneo la shamba nalo lina mitego yake. Kwenye kikokotoo cha safu (Field Calculator), $area hufuata umbo la dunia uliloweka kwenye mradi, wakati area(@geometry) hupiga hesabu bapa kwa vipimo vya leya yenyewe. Leya ikiwa kwenye digrii, hiyo ya pili inakupa "digrii za mraba", yaani 0.0000 na kitu, na watu hudhani programu imeharibika. Afadhali hiyo, maana inaonekana. Leya iliyo kwenye EPSG:3857 inatoa mita za mraba zinazoaminika kwa macho, lakini Songea shamba litaongezeka takriban asilimia 4. Kwenye ekari mia ni ekari nne za hewa, na mtu atalipia mbegu zake. Hamishia UTM kwanza.

Bafa, yaani ukanda unaochorwa kuzunguka kitu, ni ugonjwa huohuo. Umeomba mita 60 kutoka kingo za mto, ukapata rangi moja inayofunika dunia, kwa kuwa leya iko kwenye digrii na umeomba digrii 60. Mteremko vilevile: data ya mwinuko ya SRTM huja na digrii kwa upana na mita kwa kimo, programu ikivichanganya, hata Kibaha inakuwa na miteremko ya nyuzi karibu 90. Hamishia rasta hiyo (data ya vijisanduku vyenye namba) kwenye mita kisha ukokotoe.

Kuunganisha jedwali la sensa na poligoni (maumbo ya mipaka) za kata kukileta safu zilizojaa NULL, shida huwa kwenye maandishi. "MABIBO" yenye nafasi nyuma yake si sawa na "Mabibo". Tumia upper(trim()) pande zote mbili. Na kama unaunganisha kwa msimbo, hakikisha Excel haijala sifuri ya mwanzo, na kwamba safu zote mbili ni maandishi au zote ni namba. Jina la kata si ufunguo mzuri hata likiandikwa vizuri, kwa sababu kata za majina yanayofanana ziko wilaya tofauti.

Uchambuzi ukisimama na kulalamika kuhusu jiometri batili, kuna poligoni iliyojikata yenyewe, kwa kawaida kwa sababu mtu alitembea na GPS akavuka njia yake mwenyewe. "Fix Geometries" hutibu nyingi. Baada yake linganisha maeneo ya kabla na baada, maana dawa hiyo wakati mwingine hugawa shamba moja vipande viwili.

Kuhusu kutumiana mafaili: shepufaili (shapefile), umbizo la data za ramani, si faili moja. Likikufikia kwenye WhatsApp .shp peke yake, umepokea maumbo bila jedwali na bila mfumo wa majira. Ziko .dbf, .shx na .prj, na zote husafiri pamoja ndani ya zip. Majina ya safu hukatwa kwenye herufi 10, ndiyo maana "idadi_ya_watu" na "idadi_ya_wanawake" zote hugeuka "idadi_ya_w" na moja hubandikwa namba. Mimi nimehamia GeoPackage, ambayo ni faili moja kweli. Lakini nayo ina jambo lake: QGIS ikiwa wazi, mabadiliko ya karibuni huweza kuwa bado kwenye faili dogo la jirani linaloishia na -wal. Ukinakili .gpkg kwenye flashi wakati huo, mwenzako atapata kazi ya jana. Funga programu, hakikisha -wal imetoweka, ndipo unakili.

Zikibaki dalili ambazo namba haziwezi kuzieleza, kwa mfano programu inajifunga yenyewe ikifunguka, tengeneza wasifu mpya wa mtumiaji ndani ya QGIS kabla ya kuifuta. Ikiwa kule inafanya kazi, kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayoleta shida kwenye wasifu wa zamani. Na kwenye Windows, ukiambiwa proj.db, faili lenye orodha ya mifumo ya majira, haipatikani, angalia kama kuna programu nyingine, mara nyingi PostGIS (ya hifadhidata za ramani), iliyoweka kigezo cha mfumo kiitwacho PROJ_LIB kinachoelekeza kwenye folda yake. Kiondoe au ukibadilishe jina, fungua QGIS upya. Na PostGIS ikianza kulalamika baada ya hapo, rudisha jina, kisha ufungue QGIS kupitia faili la .bat linalofuta kigezo hicho kwa ajili yake tu.