Usiudharau Mji wa Mkoani: Yaliyonikuta Timișoara

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, nimepata ufadhili wa serikali ya Romania, ila wamenipangia Timișoara. Nasikia ni mkoani tu. Nigome mpaka wanipeleke Bucharest?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Swali hilohilo nililiuliza mimi, na kiburi kilichomo ndani yake kilinigharimu.

Nilifika nikiwa na akili ya mpita njia. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kiromania. Mimi nikaokoteza maneno ya dukani, usiku natafuta vyuo vya Ujerumani. Nilijipiga picha kwenye uwanja wa Piața Victoriei chini ya taa, nikawatumia ndugu zangu Moshi waone niko Ulaya. Sikujua kwamba mji huo ni miongoni mwa ya kwanza Ulaya kuwasha taa za umeme barabarani, Novemba 1884, taa 731. Mtihani wa lugha nikafeli. Marudio nikapita kwa taabu, nikaanza uhandisi bila kumwelewa mwalimu, nikavuka mwaka na masomo matatu ya kurudia. Wenyewe wanayaita restanțe. Neno hilo hadi leo likitamkwa linanichoma.

Desemba moja mama alikuwa amelazwa. Nikaenda kwenye kanisa kuu la Kiorthodoksi, nikanunua mshumaa mwembamba wa manjano. Nje kuna masanduku ya bati ya kuwekea mishumaa, moja limeandikwa VII, jingine MORȚI. Ile VII nikaidhani saba ya Kirumi. Nikauchomeka wangu kwenye lile jingine.

Bibi mmoja akaniuliza ni wa nani. Nikasema, "Mama." Neno ni lilelile kwao. Akafanya ishara ya msalaba, akamwombea marehemu msamaha wa Mungu. Nikababaika: "Bolnavă," mgonjwa. Aliuchomoa mshumaa kwa vidole vitupu, nta ikimmwagikia, akauhamishia upande wa pili. Vii ni walio hai. Morți ni waliokufa. Nilikuwa nimemwashia mama yangu mshumaa wa maiti.

Kisha akawasha wake, upande wa morți, kwa ajili ya kaka yake. Akanisimulia polepole, akirudia pale niliposhindwa. Tarehe 16 Desemba 1989 watu walizunguka nyumba ya mchungaji László Tőkés, mkosoaji wa serikali ya kikomunisti, ili asihamishwe kwa nguvu. Kesho yake askari wakafyatua risasi. Miili zaidi ya 40 iliibwa mochwari usiku, ikapelekwa Bucharest kuchomwa, majivu yakamwagwa kwenye mtaro wa maji machafu. Kaka yake hana kaburi. Lakini watu hawakurudi nyuma: tarehe 20, kwenye roshani ya jengo la opera, Timișoara ikatangazwa mji huru. Siku mbili baadaye Ceaușescu, dikteta wa nchi, alikimbia.

Huo ndio mkoani unaoudharau, mdogo wangu. Jengo hilo la opera lina pia michezo ya kuigiza ya Kiromania, Kijerumani na Kihungaria, chini ya paa moja. Waturuki waliushika mji tangu 1552 mpaka 1716, wakaja Waaustria, na kila aliyepita aliacha watu wake. Chuo cha Politehnica kimeanza 1920, na mwaka 1961 walimu wake walikuwa tayari wamejenga kompyuta yao, MECIPT-1. Ajira nazo zipo: viwanda vya vipuri vya magari vimejaa pembezoni mwa mji. Kimoja kilinikataa kwa sababu sikuweza kujieleza. Miaka miwili baadaye, kingine kilinichukua baada ya usaili wa saa nzima kwa Kiromania, na ninasema kwa fahari kwamba nilikuwa Mwafrika pekee chumbani.

Kwa hiyo jifunze lugha. Uijifunze kabla ya ndege kuruka, uijifunze sokoni, uijifunze kwa wazee, maana wao wana muda na wana ya kusema. Historia ya mji isome ukiwa bado Morogoro. Acha kuhesabu siku za kuondoka mahali ambapo hata hujafika. Vijana wetu tunapoteza miaka tukiutamani mji wa jirani, na tukirudi nyumbani hatuwezi kuusimulia hata ule tuliolala.

Mama alipona. Kila tarehe 17 Desemba nanunua mishumaa miwili: wake nauweka kwa vii, na wa kaka yake yule bibi nauweka kwa morți.