Fosi iko wapi chini ya uwanja?

Swali: Huku Katuba, Lubumbashi, wengi tulinunua nyumba bila ramani. Gari la kunyonya maji taka likija, tunachimba uwanja mzima kutafuta fosi, shimo la maji ya choo lililofukiwa. Je, komini, yaani serikali ya mtaa, inaweza kununua chombo cha kuitafuta?

Jibu: Inaweza. Sheria ya 2008 inazipa komini na ngazi nyingine za chini asilimia 40 ya fungu la mapato ya taifa linaloachiwa jimbo. Pesa zikifika, ombeni kipokezi kimoja cha kushika juu ya ardhi na visambaza-mawimbi viwili vidogo vya kupita bombani, vya masafa ya hezi 512, vinavyosikika hata ndani ya bomba la chuma. Betri ziingie kwenye bajeti ya kila mwaka, la sivyo chombo kitalala kabatini.

Kisambazaji hufungwa uzi imara wa nailoni, hutiwa chooni, husukumwa kwa ndoo ya maji. Uzi ukikatika, kimezama. Mkipita juu yake, kipokezi kitalia kidogo mbele na nyuma, kwa nguvu katikati: hapo katikati pigilia kigingi.

Kwa sasa, kabla chombo hakijaja, dungeni ardhi kwa nondo ya milimita 10 mpaka iguse fosi, mvua ikishalainisha udongo. Mwezi wa saba, kiangazi, ni kama kudunga tofali. Sukumeni kwa mikono. Nyundo hupasua kifuniko.