Neno "dharura" si la kuuzia kahawa: nilivyojifunza kuandika vichwa vya barua pepe za biashara

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye, wakuu walipoamuru sehemu ya mji wa Goma ihamishwe, watu wengi walipanda mashua wakavuka ziwa hadi huku kwetu Bukavu. Baadhi ya wateja wetu walikuwa miongoni mwao. Wiki saba hivi baada ya hapo, nikiwa nimeaminishwa kwamba barua ya biashara ni lazima imharakishe msomaji, niliwatumia wateja wote barua pepe yenye kichwa hiki: "TAARIFA YA DHARURA: zimebaki siku mbili tu". Ndani yake kulikuwa na punguzo la bei ya kahawa.

Haikupita saa moja, mama mmoja mwenye mkahawa Goma akanipigia simu. Hakunigombeza. "Mwanangu," alisema, "nilikuwa sokoni, nikaona neno dharura kwenye simu, nikaacha vitu vyangu kwa muuzaji nikaenda kutafuta watoto. Nilidhani volkano imetoka tena." Nilimwomba radhi, na tangu siku ile neno hilo halijaonekana tena katika kichwa cha barua yetu yoyote. Mtu anayeishi Kivu hupokea habari za dharura za kweli, na mfanyabiashara hana haki ya kuazima hofu hiyo ili auze mifuko ishirini ya kahawa.

Tunauza kahawa ya Arabika inayolimwa Idjwi, Kalehe na Kabare, nasi tunaikaanga wenyewe hapa Ibanda. Orodha yetu ina anwani 600 hivi: mikahawa, hoteli, maofisi, na ndugu zetu waliohamia Ubelgiji, Ufaransa na Marekani ambao huagiza kwa ajili ya wazazi wao waliobaki nyumbani. Ni orodha ndogo, na kwa sababu ni ndogo, kila kosa la kichwa huonekana upesi.

Kosa lililotugharimu zaidi halikuwa lile la dharura, bali adabu iliyowekwa mahali pasipo pake. Sisi tumelelewa kusalimia kwanza, ndipo tuseme haja yetu, kwa hiyo mwanzoni niliandika vichwa kama hiki: "Mpendwa mteja wetu, tunayo furaha kukujulisha kwamba kahawa mpya ya Idjwi imefika". Sentensi hiyo haina kasoro ya sarufi wala ya heshima. Lakini simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 tu za kichwa na kukata zilizobaki, hivyo mteja aliyesimama Nyawera akingojea gari alisoma hivi: "Mpendwa mteja wetu, tunayo furaha ku…". Furaha ya nini, hakuambiwa. Kanuni za kiufundi za barua pepe zinaruhusu mstari mmoja ubebe hadi herufi 998, ila kioo cha simu hakina nafasi hiyo, na kwetu karibu kila mteja husoma kwa simu, tena kwa mega za intaneti alizonunua kwa kupima. Kumfanya afungue barua ili ajue tu inahusu nini ni kumtumilia fedha yake bila ruhusa.

Siku hizi salamu tunaiweka ndani, kamili na bila haraka, na kichwa kinabeba habari yenyewe: "Kahawa mpya ya Idjwi imefika: kilo 40 tu". Ukihesabu pamoja na nafasi utapata herufi 40. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko wengi wanavyofikiri, kwa maana kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na tendo katika neno moja. "Zimebaki kilo 12 za Kalehe" inaanza na kitenzi, na msomaji anapofika neno la tatu tayari anajua kwamba kuna kitu kinachokaribia kwisha na ni kiasi gani. Nikiandika habari hiyo hiyo kwa Kifaransa, nahitaji maneno mengi zaidi. Kwa hiyo ninashauri kwamba anayeandika kwa Kiswahili afikirie kwa Kiswahili tangu mwanzo, badala ya kuandika kichwa cha Kifaransa kisha kukigeuza neno kwa neno, kwani kichwa kilichogeuzwa hivyo huwa kirefu na hunukia ofisi.

Idadi unayoitaja iwe ya kweli. Tukisema kilo 40, ni kilo 40 zilizo kwenye magunia, na zikiisha tunaandika kwamba zimekwisha. Mteja aliyeambiwa "tu" mara tatu, kisha akapita dukani akakuta rafu zimejaa, hataliamini tena neno hilo, na hakuna ufundi wa maneno utakaomrudisha.

Kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia alipendekeza tuanze vichwa kwa "Re:", ili mteja adhani tunajibu barua aliyotuandikia yeye. Nilikataa, na ningekataa hata kama hakuna sheria inayohusika, ingawa ipo: sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za biashara inakataza kichwa kinachomdanganya msomaji kuhusu yaliyomo, nasi tuna wateja kule. Zaidi ya hayo, tangu mwezi wa pili 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi: mpokeaji aweze kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Jipime kwa kipimo hicho. Kwenye orodha ya watu 600, wawili tu wakibofya "taka" kwa hasira ya kudanganywa, umekwisha kuvuka mpaka.

Jambo la majina linahitaji uangalifu ambao programu zilizotengenezwa nchi nyingine hazina. Programu hizo hukuahidi kwamba kichwa chenye jina la mteja kitafunguliwa zaidi, nasi tukajaribu. Lakini Mkongo huwa na jina, jina la pili lililoenea tangu siasa ya Mobutu ya kurejesha majina ya asili mwaka 1972, na mara nyingi jina la ubatizo pia, ilhali programu ina visanduku viwili. Wateja walikuwa wamejaza kila mmoja kwa namna yake, wengine kwa herufi kubwa kama wanavyoandika kwenye fomu za serikali, na barua zikatoka zikiwaita watu kama polisi anavyowaita kituoni. Hata pale programu ilipolipata jina sahihi, mama mwenye umri wa mama yangu aliitwa jina lake tupu, bila "Mama" mbele yake, jambo ambalo nisingethubutu kulifanya uso kwa uso. Tuliacha majina kabisa katika vichwa. Ndani ya barua tunaandika Mama au Papa, na hakuna aliyelalamika.

Wanaosoma Kifaransa tumewatenga katika orodha yao, na huko nilikutana na tatizo jingine. Barua moja iliyopaswa kuanza na neno "Réduction" iliwafikia baadhi ya watu ikiwa "RÃ©duction". Barua pepe ilizaliwa ikijua herufi za Kiingereza tu, na kanuni ya kuandika herufi nyingine katika kichwa, RFC 2047, ni ya mwaka 1996. Programu yetu ya zamani haikuifuata vizuri. Kiswahili hakina alama hizo, lakini hata sisi tujihadhari na kile kikato cha "ng'" tunachokinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, kwani nacho kinaweza kuharibika vivyo hivyo. Dawa ni kujitumia barua ya majaribio na kuisoma kwenye simu mbili au tatu tofauti.

Angalia pia maneno yanayofuata kichwa kwa rangi hafifu. Usipoyaandika mwenyewe, simu itachukua maneno ya kwanza ya barua, na kwetu kwa miezi mingi yalikuwa "Kama huoni picha, bofya hapa". Sasa tunaweka hapo bei na mahali: "Dola 9 kwa kilo, dukani Ibanda au tunakuletea".

Kuhusu vipimo, nilipoteza muda mwingi nikifurahia kiwango cha barua zilizofunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua hata kama mwenye simu hajaigusa, na mfumo wa kuhesabu unaandika kwamba amefungua. Tena, ukituma kichwa kimoja kwa watu 300 na kingine kwa 300, tofauti ya watu wanane inaweza kuwa bahati tu. Mimi ninahesabu maagizo na majibu. Kichwa cha kilo 40 kilileta maagizo 17 kwa siku mbili. Kile cha "Jarida letu la mwezi wa nne", kilichotangulia, kilileta mawili.

Kabla ya kutuma, dada anayehudumia wateja dukani huipokea barua kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Haruhusiwi kuifungua. Namwuliza kuna nini ndani, na kama hawezi kunijibu, ninaandika upya. Wiki iliyopita niliandika "Habari njema kwa wapenzi wa kahawa", akaitazama, akatikisa kichwa. "Ni habari gani, kaka?" Nikamwambia kwamba mashine imetengenezwa na tutaanza tena kukaanga Jumatatu. "Basi andika hivyo," akasema. Tukatuma: "Mashine imepona, tunakaanga tena Jumatatu".