Kukata au kutoboa siga

Ndugu, kama siga yako ya kwanza (ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) ilianza kubanduka jani la nje ulipoikata, basi ulikata chini mno. Itazame kichwani, upande unaotia mdomoni: kuna kipande kidogo cha jani kilichobandikwa kama kofia, na mstari mwembamba pale kinapoishia. Usiuvuke. Milimita 2 hivi zinatosha. Ukiona moshi hauji, ongeza kidogo.

Kwa anayeanza, mimi napendekeza mkato ulionyooka, kwa kikatio chenye makali mawili. Kibane haraka, bila kusitasita, maana ukikata polepole au kwa makali butu unaiponda. Kitobozi, kifaa cha kutoboa tundu kichwani badala ya kukata, ni kizuri kwa siga nene yenye kichwa cha mviringo, ila tundu dogo hukusanya lami na uchungu ukafika ulimini. Siga yenye ncha kali usiitoboe. Mkato wa V, yaani mfereji wenye umbo la herufi hiyo, nao si mbaya, ukiwa na kifaa kizuri. Kukata kwa meno acha.

Kabla ya kuwasha, vuta hewa uone inapita.

Na hata usipomeza moshi, nikotini na hatari ya saratani ya kinywa vipo palepale. Kidonda mdomoni kikipita wiki 2 bila kupona, muone daktari.