PDP-8 haipokei kitu kutoka teletaipu: tuache kwanza habari za draiva

SWALI: Shikamoo fundi. Najitolea kwenye makumbusho ndogo ya kompyuta huku Uingereza, tuna PDP-8/E, kompyuta ya zamani, na teletaipu ASR-33, yaani mashine yenye kibodi na printa ya kuongea na kompyuta. Taa zinawaka vizuri ila nikichapa, mashine haipokei kitu. Jamaa mmoja kasema shida ni draiva (programu ya kuendesha kifaa), eti tununue adapta ya USB tuweke laptop badala ya teletaipu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msinunue chochote kwanza. Hili neno draiva naletewa kila siku na linanichosha, watu wanaichukulia mashine ya 1970 kama laptop, wanadhani ukichomeka kifaa inakitambua yenyewe. PDP-8 haitambui kifaa chochote! Ina amri zinazoanza na 6, tarakimu mbili zinazofuata ni namba ya kifaa, ya mwisho ndo inasema kifanyike nini. Kibodi ni 03, printa 04, basi. Kifaa kikiwa tayari kinapandisha bendera, yaani biti moja tu kwenye kadi yake (bodi ya saketi inayokiunganisha na kompyuta), na programu inabaki kuuliza imepanda? bado? inauliza tena. Teletaipu inatoa herufi 10 kwa sekunde, kwa hiyo kabla herufi nyingine haijafika mashine imeshauliza maelfu ya mara.

Sasa bendera isipopanda draiva itakusaidia nini? Angalia kwanza swichi ya teletaipu iko LINE, manake ikiwa LOCAL inajichapia yenyewe na nyie mnadhani inaongea na kompyuta. Alafu ingiza kwa swichi za mbele programu fupi inayopokea herufi na kuirudisha ichapwe, kuanzia anwani 0200 ya memori: 6031, 5200, 6036, 6046, 6041, 5204, 5200. Bonyeza CLEAR, anzisha kutoka 0200, chapa herufi. Ikitokea kwenye karatasi basi waya na kadi ni wazima, kaangalieni programu yenu. Isipotokea, simamisha usome taa. Ikiwa imekwama 0200 na 0201 na akumuleta (rejista inayoshika herufi iliyosomwa) ni sifuri, bendera ya kibodi haijapanda, kagua teletaipu, waya na kadi. Iko hapo hapo lakini akumuleta ina kitu? Herufi iliingia, iliyopotea ni njia ya kurudi. Ikikwama 0204 na 0205, kadi yenyewe haijasema imemaliza kutuma.

Kuhusu hiyo adapta, hapo ndo naomba unisikilize sana. ASR-33 inaongea kwa mkondo wa miliampia 20, unapita au unakatika, haiongei kwa volti kama adapta za siku hizi. Laptop inaweza kuunganishwa, ndiyo, ila kwa saketi ya kubadilisha katikati, siyo kwa kuchomeka waya kwa kubahatisha. Nimeshaletewa kadi imeungua kwa sababu mtu aliambiwa "chomeka tu uone", na aliyemwambia alikuwa ameshaondoka zake. Na msidhani mashine zote za ukoo huu ni sawa, ile PDP-8 ya kwanza ya 1965 ishara zake ni volti 0 na hasi 3, ukiipelekea volti 5 za saketi za baadaye unaua transista zake. PDP-11 nayo haina kabisa amri za 6, vifaa vyake vinasomwa kama anwani za memori, kwa hiyo mtu akikupa dawa moja ya mashine zote hizo usimruhusu hata kufungua kava.